Goti la Baba na Maji ya Mlangoni

"Hatari ni ndogo, lakini ipo."

Hayo ni maneno ya daktari, na ndiyo yaliyoninyima usingizi majuma matatu kabla baba yangu hajapasuliwa goti. Ndogo kiasi gani? Ndogo kama nini? Alikuwa amemaliza kutueleza kwamba atalitoa goti bovu na kuweka jingine la chuma na plastiki, na kwamba lile jipya halina damu, kwa hiyo kijidudu kikilifikia na kujishikiza pale, mwili hauna njia nzuri ya kukifukuza. Baada ya maelezo hayo yote akasema hatari ni ndogo, akafunga faili. Mimi nimesomea hesabu chuo kikuu. Mtu akiniambia "ndogo" halafu anyamaze, ni kama ameniachia swali nusu ubaoni.

Ndugu zangu wa jumuiya, nashukuru kwa kunipa nafasi leo. Wengi wenu mnaijua habari hii kwa vipande, na vipande vingine ninyi wenyewe mlikuwamo. Sitamtaja mtu. Na nikimgusa mtu aliyemo humu ndani, tafadhali msigeuke kumtazama.

Nianzie kwangu. Nilipomaliza chuo nilirudi hapa Makongeni, kwenye nyumba ya reli ambayo Baba amekaa tangu sijazaliwa, kungojea barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Barua haikuja. Mama yuko nyumbani magharibi analima. Ndugu zangu wameoa na kuolewa. Nikabaki mimi na Baba, na kitu fulani ndani yangu kikafa ganzi. Mnajua mguu uliokaliwa muda mrefu? Unaugusa, unaona kabisa kwamba ni wako, lakini hausikii. Ndivyo nilivyokuwa mzima mzima. Kilichobaki macho ni kichwa tu, nacho kilikuwa kinazunguka mchana kutwa.

Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli. Kazi yake aliifanya amepiga magoti juu ya chuma na saruji, miaka hiyo yote. Goti la kulia likaisha. Mlikuwa mkimwona akitoka nyumbani kwenda kanisani, anasimama mara tatu njiani akijifanya anasalimia watu. Aliposikia kuna daktari katika hospitali moja ya misheni nje ya mji anayebadilisha magoti, alifurahi kama mtoto. Siku ya kutia sahihi alinigeukia. Baba huniita Mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mama, wewe ndiye msomi. Unasemaje?"

Nikasema, "Sijui, Baba."

"Hujui, au unajua na hutaki kusema?"

"Sijui."

Akachukua kalamu akatia sahihi yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kuanguka, kama mnataka kujua. Baba aliniuliza nikamwachia mzigo peke yake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kumtoa hospitali, sista wa wodi alinikalisha akanisomea masharti, nami nikayaandika yote katika daftari, kwa mwandiko mzuri, na mistari chini yake. Bandeji isifunguliwe mpaka siku ya kliniki. Mtu yeyote asimkaribie kabla hajanawa mikono kwa sabuni. Asipewe dawa ambayo hospitali haikuandika. Bandeji ikilowa, au goti likiwa jekundu, au akipata homa, arudi siku hiyohiyo.

Sista akaniuliza, "Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Ndiyo maana nimekuja kuzungumza leo. Watu husema tunapotea kwa kukosa kujua. Mimi nilikuwa najua. Yote yalikuwa yameandikwa.

Jioni ya kwanza mkaja. Hiyo ni desturi yetu na ni njema: mgonjwa akirudi, jumuiya inakuja. Kila mmoja akamshika Baba mkono, mkasimama kuzunguka kitanda, mkaweka mikono juu ya goti lake, mkasali. Mama mmoja alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye meza yake ya samaki. Mzee mmoja alikuwa na makaa mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa jikoni na jagi la maji ya moto mkononi, na beseni, na kipande cha sabuni. Yote yalikuwa tayari. Kati ya jikoni na kitanda kulikuwa na pazia tu.

Lakini niliwaza. Katika nyumba zetu maji ya kunawa yana wakati wake. Mgeni anakuja, anasalimia, anakaa, mnaomba, chakula kinaiva, ndipo msichana wa nyumba anazunguka na jagi na beseni. Nikiyaleta mlangoni, kabla ya salamu, nitakuwa nasema nini? Nitakuwa nasema, wewe mchafu, usimguse baba yangu. Na nitamwambia nani? Mwenyekiti wetu, aliyenisimamia siku ya kipaimara? Nikatafuta namna ya kusema. Nikatunga sentensi moja, nikaifuta. Nikatunga ya pili. Mlipofika "Amina" nilikuwa kwenye ya tano.

Nikaleta maji baadaye, pamoja na ugali, kama kawaida. Mkanawa vizuri sana.

Mlipoondoka hofu ikaniingia. Si hofu ya kutetemeka, maana sikuwa na nguvu hizo. Ilikuwa kama mtu anayesoma orodha kwa sauti moja. Nikaenda kwa Baba nikaanza kufungua pini ya bandeji.

"Mama, sista alisema nini?"

"Natazama tu."

"Alisema utazame?"

"Hapana."

Akaniacha. Baba amefanya kazi na vijana wengi, anajua wakati wa kumwacha mtu. Nikafungua, nikainua kile kitambaa cheupe kilichofunika mshono, nikatazama. Hakukuwa na kitu. Nikakirudisha kitambaa kilekile, kwa sababu sikuwa na kingine, nikafunga.

Jioni iliyofuata mkaja wengine, nikafungua tena. Na iliyofuata. Ikawa ndiyo kazi yangu. Taarifa ya habari ikikaribia redioni, nanawa, nafungua, natazama, narudisha kitambaa kilekile. Niliogopa vijidudu vya mikono yenu hata nikavifungulia mlango kila siku, vya nyumbani na vya nje, viingie vipendavyo. Msomi wa hesabu. Mnaweza kucheka, mimi mwenyewe sijaweza bado.

Jumanne ya juma la pili kitambaa kilikuwa kimelowa. Doa la manjano, dogo kuliko sarafu. Baba alikuwa na joto. Daftari lilikuwa mezani, na nilijua limeandikwa nini hata bila kulifungua: siku hiyohiyo.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuhisi chochote. Niliketi nikalitazama doa. Nikaanza kufikiri: labda ni jasho. Labda ni chai, maana amekunywa chai. Labda kila mshono hutoa maji kidogo, nikimpeleka watanicheka. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jingine: nikimpeleka, watauliza nani alifungua.

Mchana akaingia jirani yetu. Ni mtu mwema, na huko nyuma amenilisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Akaliona lile doa.

"Hili ni jambo dogo," akasema. "Ngoja." Akaenda kwake akarudi na kapsuli ndani ya karatasi, zile za rangi mbili, nyekundu na nyeusi. "Hizi zilimkausha mume wangu jipu la kwapa siku mbili tu. Mbili anameza, moja unafungua unamwaga unga wake juu ya kidonda."

"Sista alikataza dawa nyingine."

"Sista yuko huko kwake. Mimi niko hapa. Au digrii yako imeandikwa udaktari nyuma?"

Baba akacheka. Mimi nikafungua kapsuli. Nilifurahi, kama neno hilo linafaa, kwamba kuna mtu mwingine ameamua.

Na homa ikashuka! Jumatano yote Baba alikuwa sawa, hata akadai samaki. Jirani akapita dirishani akaniambia, "Je, daktari?" Nikatabasamu. Doa halikuongezeka. Nikafikiri, basi hatari ilikuwa ndogo kweli.

Alhamisi goti likavimba. Likawa linang'aa, na nilipoweka kiganja karibu nalo, hata bila kuligusa, nilisikia joto. Baba alishindwa kukanyaga chini. Bado alikuwa anatania. Alisema, "Hili goti jipya limegoma. Hata kadi ya chama cha wafanyakazi halijapata, tayari limegoma." Lakini alisema huku ameshika ukingo wa kitanda, na vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe.

Kila aliyekuja alikuwa na neno. Mmoja akasema tungoje siku ya kliniki, imebaki juma moja tu. Mwingine akasema tusiende kabisa, wataukata mguu. Mimi niliwasikiliza wote, nikawapa wote haki, na sikufanya lolote. Nilikuwa nikipita na kikombe kutoka jikoni kwenda kitandani kama mtu aliyetumwa.

Ijumaa asubuhi nilimletea Baba uji. Hakuushika. Akanitazama.

"Ulikuwa unatafuta nini humo kila jioni?"

"Usaha."

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Lini?"

"Jumanne."

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

Akageuza macho mlangoni. Watoto walikuwa wanapita nje wakienda shule, mmoja akipiga kopo teke. Likapita mlangoni petu, likaenda mpaka mwisho wa safu ya nyumba, na Baba bado anatazama nje.

"Basi tafuta gari," akasema.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea, maana hoja nilikuwa nazo, zote nimezipanga. Kwa "Ijumaa" sikuwa na hoja. Niliweka uji chini nikatoka mbio bila viatu mpaka kwa ndugu mmoja wa jumuiya hii mwenye pikapu ya kubebea mboga. Alikuwa anapakua kabichi. Aliziacha barabarani, akasema, "Kabichi hazina goti," tukaenda. Jirani yetu naye akapanda nyuma kumshikilia Baba.

Hospitalini daktari alikuja upesi. Akalitazama goti, akachukua kalamu.

"Tangu atoke hapa amekunywa dawa yoyote, mbali na tulizompa?"

Kabla sijafungua kinywa jirani akajibu. "Hapana, daktari. Hajanywa kitu."

Daktari akaandika. Niliona kalamu yake ikiandika lile neno. Nikamtazama jirani, yeye alikuwa anatazama sakafu, na mikono yake ilikuwa inakunja ncha ya leso, inakunja, inakunjua. Nikaelewa kwamba hakudanganya kwa ubaya. Alikuwa ananificha mimi, na kujificha yeye. Baba alikuwa amefumba macho. Kama ningekaa kimya tungetoka pale sisi sote watatu tukiwa watu wema.

Nikaanza kuwaza, kama kawaida yangu. Nikaanza kutunga sentensi. Ndipo nikakumbuka ile ya tano jikoni, na "Amina".

"Daktari, futa hapo," nikasema.

"Nini?"

"Nimempa kapsuli. Nyekundu na nyeusi. Tangu Jumanne mchana, mbili asubuhi na mbili jioni, na nyingine nilizifungua nikamwagia juu ya mshono. Na bandeji nimekuwa nikiifungua kila jioni tangu siku ya kwanza. Nilirudisha kitambaa kilekile. Hakuna aliyenisukuma. Sista aliniambia. Niliandika."

Nikampa daftari. Sijui kwa nini nilikuwa nimelibeba, lakini nilikuwa nimelibeba na viatu sikuvaa.

Daktari alisoma ukurasa wangu na mistari yake chini. Akaweka kalamu. Nilingoja anifokee, nikaona afadhali. Badala yake akavuta kiti.

"Sikiliza. Nitatoa maji ndani ya goti hili nipime ni kijidudu gani. Dawa uliyompa haitoshi kukiua, lakini inatosha kukificha. Kama nisingejua, kipimo kingeweza kurudi safi, nikakiamini. Ningempa dawa ya maumivu nikamrudisha nyumbani. Unaelewa ingekuwaje?"

Nikasema naelewa.

"Sasa najua nisikiamini haraka. Leo nitalifungua goti na kuliosha. Ikiwezekana chuma kitabaki. Isipowezekana kitatoka."

"Ni mimi niliyekiingiza?" nikauliza.

"Huenda. Huenda kiliingia kwetu, siku ya upasuaji, hiyo nayo hutokea. Au kwa namna nyingine. Hilo sitaweza kukuambia, si leo wala mwakani."

"Na hatari?"

"Si ndogo tena," akasema.

Akaondoka. Nikakaa kwenye benchi la nje, saruji ikiwa baridi chini ya nyayo zangu. Jirani akaja akakaa pembeni yangu. Nilidhani amekasirika. Alivua kandambili zake, akanisukumia kwa mguu bila kunitazama.

"Vaa. Hata wewe utaingiwa na vijidudu."

Nikavaa. Hapo ndipo nilipolia, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo. Nililia kidogo tu, kama bomba lililokaa bila maji linavyotema kutu kwanza. Lakini nililia.

Baba aliwekwa hospitali majuma sita, dawa ikiingia kwa mshipa. Chuma kilibaki. Goti halikunjiki kama daktari alivyotumaini mwanzoni, na ngazi anapanda kwa kutanguliza mguu uleule kila mara kama mtoto mdogo, lakini yule pale, ameketi karibu na mlango, amekuja kwa miguu yake na hakusimama njiani hata mara moja. Akisimama sasa, ni salamu ya kweli. Juzi alikwenda kung'olewa jino, akamwambia daktari wa meno kabla hajakaa kitini, "Mimi nina chuma gotini, tafadhali." Ndivyo alivyoagizwa, maana kijidudu kinaweza kusafiri kwa damu kutoka kinywani. Watu wote kwenye foleni wakamtazama goti.

Nishukuru. Namshukuru mwenye pikapu na kabichi zake. Namshukuru sista aliyenisomea masharti, na aliyenisomea tena mara ya pili bila kunikumbusha ya kwanza. Namshukuru jirani yangu, ambaye kandambili zake ninazo mpaka leo na amekataa kuzichukua. Namshukuru Baba kwa yale maswali manne. Namshukuru Mungu, ambaye sikumwomba sana siku zile. Ninyi mlimwomba kwa niaba yangu, kwa mikono yenye samaki.

Na kama mnataka funzo, ninalo moja, dogo. Ukijua jambo, sema siku hiyohiyo, hata kwa sentensi mbaya. Ganzi yangu haijaisha yote. Kuna asubuhi naamka naiona imekaa kitandani. Swali la nani alikiingiza kijidudu halina jibu, nami ni mtu wa kutaka majibu, mnanijua. Lakini sasa naweza kubeba swali bila kusimama nalo mlangoni nikiwazuia watu kupita.

Nimalizie na ile Jumapili ambayo Baba alirudi mara ya pili. Wengine mlikuwapo. Mliposikia gari mkaanza kuja, safu nzima ya nyumba. Nikachukua jagi, beseni na sabuni, na taulo begani. Pazia nililivuka. Nikasimama mlangoni, nje kabisa, kwenye kizingiti.

Mwenyekiti wetu alikuwa wa kwanza. Alinyoosha mkono anisalimie, akaliona jagi, akasimama. Nyuma yake mkasimama wote.

"Ehe," akasema. "Kwani leo tunakula kabla ya kusali?"

Mtu nyuma akacheka, kisha akaacha. Uso wangu ulikuwa unawaka moto. Sentensi zote zikaja kwa pamoja, nzuri na mbaya, na nikaziacha zipite.

"Leo tunanawa kwanza, Baba Mwenyekiti," nikasema. "Kila mmoja. Hata mimi nimenawa. Nyoosha mikono."

Akavua saa yake, akaitia mfukoni, akakunja mikono ya koti mpaka kwenye viwiko. Nikainamisha jagi.